Farasi Aliyenifungua Mdomo

Kama umeanza kusoma haya kwa sababu taya la mtu wako linakaza, acha hapa hapa. Mpeleke hospitali sasa hivi, umtajie daktari kila jeraha, hata la mwiba, kisha urudi umalizie. Mimi nitakungoja. Niliwahi kukaa karibu wiki sita bila kutoa neno, na wanaonijua watakuambia hakuna kazi ngumu kuliko hiyo niliyowahi kufanya.

Naitwa Kemunto. Niliolewa karibu na soko la Kebirigo miaka michache baada ya uhuru, katika boma la Mzee Ombati, mkulima wa chai na mzee wa kanisa la Wasabato. Mume wangu, Nyakundi, alikuwa karani kwenye mashamba makubwa ya chai huko Kericho na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote tulibaki mimi na binti yetu Bosibori wa miaka mitatu, mama mkwe wangu Moraa, na Mzee mwenyewe.

Mzee alikuwa mtu wa swali moja. Ukimpa chochote cha kutia mdomoni, atauliza, "Imetengenezwa na nini?" Aliuliza biskuti, aliuliza mkate, aliuliza hata sabuni ya kufulia, maana alihofia mafuta ya nguruwe kila mahali. Siku moja mjini Kisii alirudisha mkate kwa sababu mwenye duka alichelewa kumjibu. Sisi nyumbani tulicheka, lakini tulicheka jikoni.

Jambo la pili ni hili, na bila hilo hutaelewa yaliyonipata. Sisi Wagusii tuna kitu tunakiita ensoni. Ni haya na heshima, na zaidi ya yote ni mpaka. Baba mkwe haingii nyumbani kwa mkazamwana, hamgusi, hautaji mwili wake. Mkazamwana naye haingii chumba anacholala baba mkwe. Mzee alinipenda, nina hakika, lakini katika miaka minne alikuwa hajanitazama usoni zaidi ya kunisalimu, na mimi niliona ni sawa kabisa.

Mkwaruzo wenyewe ulikuwa mdogo mno. Ilikuwa Agosti, na makambi ya kanisa yalikaribia. Wageni wangelala kwetu, kwa hiyo nyumba ilipaswa kusiribwa upya, kuta na sakafu. Nilipokuwa nikihamisha ghala dogo la wimbi, kijiti cha mwanzi kikaniingia chini ya ukucha wa kidole cha shahada. Nilikichomoa kwa meno, nikakitema, nikaendelea. Kisha nikachanganya samadi mbichi ya ng'ombe na udongo na majivu, nikasiriba kwa viganja vyangu siku mbili mfululizo, kama nilivyofundishwa na mama yangu. Kidole hakikutoka usaha wala hakikuvimba. Samadi ilikiziba vizuri, na kwetu ilijulikana kwamba samadi huziba.

Siku ya tisa tangu kile kijiti kuniingia tulikuwa makambini, uwanja wa shule, kwaya ya akina mama imesimama. Nilikuwa sauti ya kwanza. Nilipofungua mdomo kwa ajili ya ile noti ya juu, taya likafika katikati likagoma. Nikafikiri nimelala vibaya. Nikaimba kwa meno. Wenzangu wakanitazama kwa pembe ya jicho, na tulipokaa mmoja akaninong'oneza, "Leo Kemunto umekuwa bibi harusi, hutaki kuonyesha meno." Tukacheka. Nilicheka huku nikihisi kitu kikininyonga polepole nyuma ya shingo.

Mchana sikuweza kuingiza kijiko cha githeri. Jioni sikuweza kumeza mate. Wageni wetu walifurahi sana kwamba msemaji wa boma amenyamaza, na mmoja akasema makambi ya mwaka huu yamebarikiwa kweli. Moraa peke yake hakucheka. Alinishika kidevu akajaribu kukifungua, akauacha mkono wake hapo kwa muda mrefu.

Ijumaa asubuhi mgongo ulijikunja wenyewe nikiwa nafunga leso, nikaanguka. Kuna waliosema nimerogwa. Moraa hakuwasikiliza, alinipeleka kwa dresa wa zahanati. Dresa alikuwa mtu wa mzaha sana, lakini aliponiambia nifungue mdomo na mdomo ukakataa, mzaha ulimtoka. Aliuliza juu ya jeraha. Nikainua kidole. Alikitazama, akanusa mikono yangu ambayo bado ilikuwa na rangi ya udongo kwenye mistari, akamgeukia Moraa.

"Ni pepopunda. Mpeleke Kisii. Leo, mama. Si kesho."

Mfanyabiashara wa ndizi alitupatia pikapu yake. Mzee alikaa mbele na dereva. Mimi na Moraa tulikaa nyuma, nimelazwa juu ya magome ya migomba, na kila shimo la barabara lilinipinda kama upinde. Niliuona ukingo wa kofia ya Mzee kupitia kioo. Hakugeuka hata mara moja. Hakupaswa kugeuka.

Tulifika saa sita mchana. Nikaingizwa katika chumba kilichofungwa madirisha kwa mablanketi, maana mwanga au kelele yoyote, hata mlango ukibamizwa, huuamsha ugonjwa huu nao hukukamata upya. Watu mle walitembea bila viatu. Kulikuwa na kitanda kingine kimoja, na juu yake mama mmoja kutoka Masimba alikuwa ameketi na mtoto mchanga wa siku nane. Mtoto hakulia. Alikaza ngumi na midomo yake ilijikunja ikawa kama ya mtu anayetaka kupiga mluzi. Mama yule alinitazama, kisha akanigeuzia mgongo ili nisione, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Daktari alisema maneno machache. Sumu ya wadudu wa pepopunda ilikuwa inasafiri ndani yangu. Kulikuwa na dawa ya kuikamata, lakini dawa yenyewe nayo ilikuwa na hatari, watu wengine huikataa mwilini wakafa palepale. Alitaka mkubwa wa familia akubali na kutia sahihi. Mume wangu alikuwa Kericho. Basi mkubwa alikuwa mtu aliyeketi kwenye benchi nje, chini ya dirisha langu, ambaye hakuweza kuingia.

Nilisikia kila neno kupitia blanketi. Aliyetoka kuzungumza naye alikuwa Nesi Akinyi, mwanamke mnene wa upande wa ziwani aliyefanya kazi hapo miaka mingi. Kiekegusii chake kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo waliongea Kiswahili.

"Mzee, kuna dawa ya kumsaidia. Tunataka ukubali."

Nikajua swali litakalokuja. Ningeweza kulitamka naye, kama ningekuwa na mdomo.

"Hiyo dawa imetengenezwa na nini?"

Angeweza kumdanganya. Nimefikiri mara nyingi, angesema tu ni miti shamba ya Wazungu, mambo yakaisha. Lakini Akinyi hakuwa mtu wa kudanganya wazee.

"Inatoka kwa damu ya farasi, Mzee. Farasi anapewa ile sumu kidogo kidogo, mpaka damu yake inajua kuikamata. Halafu wanachukua yale maji ya damu. Sisi tunaazima tu."

Nikasikia benchi likilia, Mzee akikaa vizuri.

"Farasi hapana cheua," alisema. "Na kwato yake haijapasuka. Huyo ni najisi. Na damu pia imekatazwa. Hii ni mambo mbili kwa moja."

"Lakini haliwi, Mzee. Anachomwa sindano."

"Kuingia ni kuingia."

"Mzee..."

"Mimi sikatai. Nasema tungoje. Nimepiga simu ya maandishi Kericho, bwana yake atafika. Na mchungaji nimemtumia neno. Huyu ni bibi ya kijana yangu. Nikimtia najisi bila kuuliza, nitamwambia nini?"

Ndani nilikuwa nikipiga kelele. Najua ni upuuzi kusema hivyo, maana hakuna sauti iliyotoka zaidi ya upepo kati ya meno. Lakini nilimtukana baba mkwe wangu siku hiyo kwa matusi ambayo sikujua ninayo, nikamtukana farasi, nikamtukana Musa pia. Nilitaka ile damu. Wangenipa ya fisi ningeipokea.

Saa saba. Saa nane. Mikazo ilikuja kila mara mtu alipokohoa ukumbini. Kichwa na visigino vilibaki kitandani, na sehemu iliyobaki ikainuka hewani, na Moraa alinilalia kifuani nisije nikavunjika. Uso ulinivuta pembeni mpaka meno yote yakawa nje. Wenye kuujua ugonjwa huu wanaujua huo uso. Unacheka, nawe hucheki. Akinyi alifunika kioo kidogo kilichokuwa ukutani, lakini nilikuwa nimekwisha kujiona.

Kila baada ya mkazo Moraa alitoka nje kumpa Mzee habari, na kila mara nilisikia habari aliyompa.

"Anaumwa wapi?" Mzee aliuliza kwa Kiekegusii.

"Taya."

"Taya tu?"

"Taya."

Sikumwelewa mwanzoni. Nilidhani ameingiwa na wazimu. Baadaye nikatambua. Angemwambiaje mume wake kwamba mkazamwana wake anapinda kiuno, kwamba nguo zinamtoka, kwamba amejikojolea mbele ya watu? Maneno hayo hayasemwi na mke kwa mume juu ya mke wa mtoto wao. Kwa miaka thelathini ya ndoa alikuwa ameuficha mwili wa kila mwanamke wa boma lile nyuma ya neno moja dogo la heshima, na siku hiyo alifanya vilevile. Basi Mzee aliketi pale nje akimngoja mchungaji kwa utulivu, akiamini nina maumivu ya taya.

Saa tisa daktari alipita, akauliza kama wamekubali, akaitwa kwenye upasuaji. Akinyi alikuja kunipangusa mate. Akaninong'oneza sikioni, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba dawa ile hukamata sumu ikiwa bado kwenye damu. Ikishafika kwenye mishipa ya fahamu, haikamatiki tena. Sijui kwa nini aliniambia. Labda alikuwa akijiambia mwenyewe.

Karibu saa kumi mtoto wa Masimba alikata roho. Alikuwa amepewa dawa ileile ya farasi, lakini aliletwa siku ya tatu ya ugonjwa. Mama yake alijua kelele zitaniumiza, kwa hiyo alimfunga kwenye shuka, akainuka, akapita karibu na kitanda changu akikanyaga kwa ncha za vidole, machozi yakimtiririka na mdomo ameufumba kwa kiganja. Alitoka hivyo mpaka nje ya ukumbi, ndipo nikamsikia mbali, kule kwenye miti, akiachilia. Sijawahi kusahau fadhila ile. Sikujua hata jina lake.

Akinyi alisimama akitazama kitanda kilicho kitupu. Kisha akatoka, na safari hii hakwenda polepole.

"Mzee, mama amekuambia nini?"

"Taya."

"Hajakuambia mgongo?"

Nikasikia bakora yake ikikwaruza sakafu.

"Hajakuambia. Sikiliza, baba. Hata kwetu baba mkwe haingii. Mimi pia nimeolewa, najua. Mama anakuficha kwa heshima. Lakini hiyo heshima leo itamuua huyu mtoto. Umeona yule mama amepita na shuka? Wa kwako anafuata."

"Mimi siwezi kuingia."

"Basi kaa hapo. Lakini usiseme hukuambiwa."

Kisha nilisikia kitu ambacho sikukielewa, kamba zikifunguliwa, na kitu kizito kikiwekwa chini, kisha kingine. Alikuwa anavua viatu.

Mlango ulifunguka kidogo. Moraa alipomwona alishtuka, akavuta shuka kunifunika mpaka kidevuni, akasimama katikati yetu mikono ameitandaza. Mzee aliingia ameinamisha kichwa, macho sakafuni, kofia mkononi. Bakora yake ikagusa ndoo. Ilikuwa sauti ndogo tu ya bati, lakini ilinitosha. Mwili ukaruka, shuka likaenda, nikainuka juu ya kisogo na visigino mbele ya baba mkwe wangu, nikimwonyesha meno yote.

Aliinua macho. Miaka minne, na mara ya kwanza kunitazama usoni alinikuta nacheka.

"Anacheka?" alisema.

"Hacheki, Mzee," Akinyi alisema. "Ni ugonjwa unavuta uso."

Hakutazama pembeni. Hilo ndilo ninalolikumbuka, kwamba alikuwa na ruhusa yote ya dunia ya kutazama pembeni na hakuitumia. Alisimama mpaka mkazo ukaniachia na mgongo ukarudi kitandani. Machozi yalikuwa yamefika kwenye ndevu zake.

"Choma," alisema.

"Daktari anataka sahihi..."

"Nitaweka. Choma kwanza. Kama hii ni dhambi, iandikwe kwa jina yangu. Yake usiandike."

Ilikuwa saa kumi na moja. Walinichoma kwanza tone la kujaribu chini ya ngozi, wakangoja, kisha yote. Mzee alikuwa amekwisha kurudi nje. Jua lilipozama na Sabato ikaingia, nilimsikia akiimba peke yake kwenye benchi, kwa sauti ya chini kabisa, ili asiniamshe.

Ningependa kukuambia kwamba nilifunguka asubuhi. Sikufunguka. Usidanganywe na mtu yeyote juu ya hili: dawa ile haiondoi kilichokwisha kushika, inazuia tu kisiongezeke. Baada yake nilizidi kuwa mbaya kwa siku nne. Nilianza kuhesabu siku kwa sindano. Kulikuwa na penisilini asubuhi na jioni na dawa ya usingizi yenye harufu kali katikati, na mpira uliopitishwa puani ambao maziwa na uji vilimiminwa humo. Kidole walikikata kukisafisha, na leo hakina ncha. Niliuuma ulimi. Nywele zilitoka kwa vishungi. Nilipoingia Moraa hakuweza kuninyanyua peke yake, na kufikia wiki ya tatu alinibeba kwenda kuoga kama anavyobeba kuni.

Nyakundi alifika Jumapili. Alipojua kwamba dawa ilikuwepo tangu saa sita na nikachomwa saa kumi na moja, alitoka nje, na niliyasikia maneno aliyomwambia baba yake. Sitayaandika. Mzee hakujibu hata moja. Hawakuzungumza tena mpaka mavuno ya wimbi, na katika muda huo wote Moraa alipeleka maneno kati yao, maskini, kama alivyopeleka kati ya benchi na kitanda.

Siku ya kumi mwili ulivimba. Mabaka mekundu yalinitoka kuanzia kwenye sindano mpaka masikioni, na viungo vikauma nikahisi vinatiwa moto. Daktari alisema ni mwili unaigombeza damu ngeni, utatulia. Ulitulia. Lakini habari ilifika Kebirigo kabla ya kutulia kwake, na walioitaka hukumu ya Mungu waliiona hapo. Kuna aliyesema nitaota manyoya.

Waliniletea Bosibori siku moja tu. Aliuona uso wangu, akajificha nyuma ya bibi yake, akauliza kwa nini yule mama anamcheka. Nilifumba macho. Kama utamuuguza mtu wa ugonjwa huu, usimletee mtoto mapema.

Mvua za vuli zilipoanza kupiga bati la hospitali, niligundua zinapiga nami sirukiruki. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba napona. Siku tatu baadaye taya lilifunguka upana wa kidole, na Akinyi akanipa uji kwa kijiko, wa kwanza kupitia mdomoni. Wote walikusanyika wasikie nitasema nini. Moraa alikuwa tayari amepiga magoti.

"Hauna sukari," nikasema.

Akinyi alicheka mpaka akatoka nje. Moraa alilia. Mimi pia nililia, na ilikuwa raha kulia na mdomo wazi.

Niliporudishwa nyumbani nilikuwa mfupi kuliko nilivyoondoka. Mikazo ilikuwa imebana mifupa ya mgongo, na mpaka leo nainama kidogo kushoto. Daktari alikuwa amenionya mambo mawili. La kwanza, kuugua pepopunda hakukufundishi chochote; damu yangu haikujua kuikamata sumu ile zaidi ya ilivyojua kabla, kwa hiyo ingeweza kunirudia kwa kijiti kingine. La pili, mwili wangu sasa ulimjua farasi. Nikichomwa damu yake tena, huenda safari hii ningekufa kwa dawa. Fikiria kurudi shambani na maneno hayo. Kila mwiba ulinisimamisha. Kuta zilianza kubanduka nami nikakaa nikizitazama, mikono mapajani, mpaka Moraa akazisiriba mwenyewe bila kuniuliza.

Kilichonitoa katika hofu hiyo kilikuwa chanjo. Akinyi ndiye aliyeniandikia. Sindano tatu, hakuna farasi ndani yake. Huifundisha damu ya mtu mwenyewe. Ya kwanza niliipata kiangazi cha Januari, ya pili kabla ya mvua kubwa, ya tatu wakati wa makambi ya mwaka uliofuata. Baada ya hiyo ya tatu nilisiriba tena nyumba. Nilinawa kwanza, nikakagua vidole kimoja kimoja. Hicho ndicho ninachowafundisha wanawake wa Kebirigo mpaka leo, na wakinichoka nawaonyesha kidole.

Lakini jambo moja halikutengemaa. Sabato ya kwanza niliyorudi kanisani, Mzee hakuwa mbele na wazee wenzake. Alikuwa ameomba mwenyewe kuondolewa. Mchungaji alikuja nyumbani mara mbili kumwambia kanisa halijawahi kuifundisha dawa kuwa najisi, kwamba kile alichofanya si dhambi mahali popote. Mzee alimsikiliza, akamshukuru, akampa chai, na Sabato iliyofuata akakaa tena kwenye benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango. Alikaa hapo miaka saba. Ensoni ilirudi mahali pake, hakunitazama tena, nami nilikaa kwenye kwaya nikiona ile kofia juu ya magoti yake, nikijua ni mimi na farasi wangu tuliomweka pale. Iliniuma sana.

Mwaka wa nane, msimu wa palizi, Moraa alikuja mbio kwangu asubuhi. Mzee alikuwa amejikata mguu kwa jembe kwenye chai tangu juzi. Alikuwa ameuziba kwa samadi. Alikataa kwenda hospitali.

Sikufikiri. Nilichukua beseni, maji ya moto na sabuni, nikavuka ua, nikaingia nyumbani kwake, nikapita sebule, nikaingia chumba anacholala. Moraa alibaki mlangoni ameshika kichwa. Mzee alikuwa ameketi kitandani. Aliponiona alijifunika uso kwa kofia.

"Mokamwana, toka."

"Sitoki, tata, baba yangu. Twende Kisii leo."

"Ni mkwaruzo."

"Na wangu ulikuwa mkwaruzo. Ni kwa sababu ya farasi? Kama ni farasi, tata, basi iandikwe kwa jina langu. Wewe ulichukua ya kwanza, mimi nichukue hii. Tutakuwa sawa, urudi mbele kanisani."

Aliuvuta mguu ndani ya blanketi, uso bado nyuma ya kofia.

"Farasi amenikosea nini?" alisema mwishowe. "Mnadhani nilikaa nyuma kwa sababu ya farasi? Ile sindano ningeipiga tena kesho. Ni yale masaa. Tangu saa sita mpaka saa kumi na moja nilikaa nje, nikingoja kuambiwa. Sikuuliza unaumwaje. Niliuliza dawa imetengenezwa na nini."

Nilipiga magoti, nikaweka beseni chini, nikatia sabuni.

Hakuiondoa kofia usoni. Lakini aliunyoosha mguu.